Rangi ya mchoro isipotee ndani ya simu

LUBUMBASHI – Mchoraji amepaka udongo mwekundu wa Katanga kwa uangalifu. Picha anayomtumia mnunuzi aliye mbali inauonyesha umepauka. Mnunuzi akifikiwa na mchoro wenyewe, anasema si ule aliouagiza. Kwa wasanii wanaouza kazi zao kwa njia ya simu, tofauti hiyo inatosha kuvunja biashara.

Hasara si ya pesa peke yake. Mwaka 1973 na 1974, Tshibumba Kanda-Matulu alichora michoro zaidi ya 100 juu ya historia ya nchi, kwa ajili ya mwanaanthropolojia Johannes Fabian. Leo michoro hiyo imehifadhiwa Amsterdam, nchini Uholanzi. Mkaaji wa Lubumbashi asiyeweza kusafiri huijua kwa picha tu. Picha ikidanganya rangi, nyumbani inabaki kumbukumbu yenye kasoro.

Chanzo cha tatizo ni mwanga. Balbu ya manjano ya nyumbani hutoa mwanga wa takriban kelvini 2,700, jua la mchana karibu 5,500, na kivuli chini ya anga la buluu kinaweza kupita 7,000. Jicho la mtu hujizoesha: karatasi nyeupe huiona nyeupe kila mahali. Kamera hukisia tu. Ikikuta mchoro uliojaa nyekundu na manjano, inaweza kudhani kwamba mwanga ndio mwekundu, ikaongeza buluu. Hapo udongo unapauka.

Dawa ya kwanza haina gharama: mwanga wa aina moja. Mchoro uwekwe nje kwenye kivuli chenye mwanga wa kutosha, mbali na ukuta wa rangi kali, na mpiga picha asivae nguo nyekundu au kijani, kwa sababu rangi hiyo huakisiwa. Flashi izimwe. Ndani ya nyumba, taa mbili zinazofanana ziwekwe kushoto na kulia kwa pembe ya nyuzi 45, zenye kipimo cha CRI cha 90 au zaidi, maana taa nyingi za bei rahisi hufifisha wekundu.

Dawa ya pili ni kadi ya kijivu. Inapigwa picha ikiwa kando ya mchoro. Kisha, katika programu ya kurekebisha picha, kijivu hicho kinachaguliwa kuwa kipimo, na picha zote za mwanga uleule zinafuata. Karatasi nyeupe ya ofisini haifai sana, kwani mara nyingi ina dawa ya kung'arisha inayovuta kwenye buluu. Kamera au simu ikiruhusu, faili ya RAW ni bora, kwa sababu marekebisho hayaiharibu.

Mwishoni, picha ilinganishwe na mchoro wenyewe, si na kumbukumbu, na skrini isiwe kwenye hali ya usiku.

Bado kuna rangi zinazokaidi. Baadhi ya buluu hutoka kama zambarau, na vimetameta, ambavyo Chéri Samba wa Kinshasa hutumia kwenye kazi zake, havikamatwi vyote kwa picha moja. Kwa rangi hizo, mchoraji amwandikie mnunuzi tofauti iliyopo kabla ya kupokea malipo.