Saa Mbili za Nanga katika Mwambao wa Ufipa

Anayeishi Sumbawanga, katika baridi ile ya Juni na Julai inayowalazimu watu kuvaa makoti mazito tangu alfajiri hata jua liwe limepanda, aghalabu husahau kwamba yumo katika mkoa wenye mwambao, wenye visiwa, wenye mchanga wa ufuoni, na wenye watu ambao kwa vizazi kadhaa wamezihesabu siku zao kwa kupita kwa meli. Mji wetu uko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, ilhali maji ya Ziwa Tanganyika yako mita 773 tu. Basi msafiri atokaye hapa akapitia Namanyere kwenda Kipili huteremka zaidi ya mita 1,000, na katika mteremko huo hulivua koti, kisha sweta, kisha hufungua vifungo vya shati, na afikapo ufuoni akakuta miembe na joto na harufu ya dagaa walioanikwa, huwa ni kama mtu aliyehamia nchi nyingine bila ya kuvuka mpaka wowote.

Mara ya kwanza kuuona mwambao huo nilikwenda kumpokea ndugu yangu aliyekuwa akija na meli ya Liemba kutoka Kigoma. Nilifika Kipili jua likitua. Saa ya meli hakuna aliyeijua kwa hakika, na wala hakuna aliyeonekana kusumbuliwa na jambo hilo: watu walikuwa wameketi juu ya magunia ya mahindi na mchele, mama mmoja amewalaza watoto wake juu ya kanga moja na kuwafunika kwa nyingine, wachukuzi wakizungumza kwa sauti ya chini kama watu walioko matangani, na mbele yetu visiwa vimekaa vyeusi juu ya maji meusi. Yapata saa sita ya usiku ikasikika honi. Mara ufuo wote ukasimama. Taa za meli zilitokeza nyuma ya kisiwa moja baada ya moja, na kabla nanga haijagusa chini, mashua zilikuwa zimekwisha kujazwa na kusukumwa majini.

Katika safari zake zote Liemba ilikuwa na magati machache tu ya kuegemea. Kwingineko kote ilisimama mbali na nchi kavu, na nchi kavu ndiyo iliyoifuata kwa kasia na kwa mashine. Nilipanda mashua mojawapo, nikaona kwa karibu jinsi mambo yalivyokwenda. Ubavuni mwa meli, chini karibu na maji, mna mlango. Na katika mlango huo kilipita kila kitu, wanaoshuka na wanaopanda, magunia na kuku, magodoro na baiskeli, wote kwa wakati mmoja. Kijana aliyekuwa mbele ya mashua yetu aliishika kamba ya meli kwa mkono wa kushoto, mguu wake wa kulia akaukaza kwenye chuma cha meli ili mashua isigongwe, na kwa mkono uliobaki akawa anapokea na kutoa. Kila wimbi lilipopita mguu ule ulikunjika na kunyooka kama kwamba ndio uliokuwa ukiiruhusu meli ipande na kushuka. Mzee mmoja mlangoni alimwambia mama aliyekuwa nasi, "Mama, mtangulize mtoto kwanza, mzigo utafuata." Mama akajibu, "Haya baba, mshike vizuri, ana usingizi." Mtoto akapita juu ya maji kutoka mikono hata mikono, wala hakuamka.

Ni vema msomaji aijue meli yenyewe, maana ni wachache wanaopanda chombo chenye historia ndefu kama hii wakakilipia nauli ya kawaida. Ilijengwa na Wajerumani mwaka 1913 katika kiwanda cha Meyer mjini Papenburg, ikaitwa Graf von Goetzen, kisha ikafumuliwa kipande kwa kipande, ikatiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikapelekwa Dar es Salaam kwa bahari na hatimaye Kigoma kwa reli ya kati iliyokuwa ndiyo kwanza ifike huko. Huko iliungwa upya, ikashushwa majini Februari 1915, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiwa vimekwisha kuanza. Mwaka uliofuata, Wajerumani walipoona kwamba Kigoma haitashikika, wenyewe waliizamisha karibu na mdomo wa mto Malagarasi; walakini wahandisi walioizamisha waliipaka mitambo grisi nene kwanza, kama mtu azikaye mali yake akitumaini kurudi. Hawakurudi. Wabelgiji waliiibua, ikazama tena. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, wakaikuta mitambo yake bado inafaa, na mwezi wa Mei 1927 ikaanza kazi kwa jina jipya la Liemba.

Jina hilo ndilo linalotuhusu sisi wa kusini. Livingstone alipofika ncha ya kusini ya ziwa mwaka 1867, wenyeji walimtajia maji yale kwa jina la Liemba, naye kwa muda akadhani kuwa ni ziwa jingine mbali na Tanganyika. Kwa hiyo chombo kilichojengwa Ulaya kwa jina la Goetzen, gavana wa Kijerumani, kikaishia kubeba jina lililotoka vinywani mwa watu wa pembe hii ya ziwa, na mimi naona ni haki, maana hao ndio waliokitumia na kukisubiri kuliko mtu mwingine yeyote.

Nimeyaeleza haya kwa sababu siku hizi magazeti hujaa picha za safari za anasa katika visiwa vya Bahari ya Pasifiki: merikebu kubwa kama mtaa wa ghorofa, yenye abiria elfu mbili au tatu, hutia nanga asubuhi mbele ya kisiwa chenye minazi, ikateremsha watu kwa boti ndogo ndogo, wakaogelea, wakanunua makoja ya shanga na vikapu, na jioni ikang'oa nanga. Vijana wetu huzitazama picha hizo kama mambo ya dunia nyingine kabisa. Lakini ukiondoa ukubwa wa chombo na unene wa mkoba wa abiria, jambo lenyewe ni lile lile la Kipili: chombo kimesimama nje, nchi kavu inakijia, na saa chache tu zimetolewa kwa watu wasiojuana kukutana.

Chukua mfano wa kisiwa cha Inyeug, kusini kabisa mwa nchi ya Vanuatu, ambacho watalii hukiita Mystery Island. Ni kisiwa kidogo mno, mtu hukizunguka kwa miguu bila ya kuchoka, na hakuna akaaye humo. Wenyeji wake wako ng'ambo, katika kisiwa kikubwa cha Aneityum, nao huvuka kwa boti siku ile tu meli inapokuja, wakapanga meza zao chini ya miti, wakauza, wakasuka nywele za wageni, wakapika, na jua linapotua wote huondoka, kwa kuwa yasemwa tangu zamani kwamba usiku kisiwa kile ni cha mizimu. Sisi wa Ufipa hatuhitaji kufafanuliwa sana jambo hilo. Wazee wetu nao walikuwa na milima na vijito ambavyo mtu hakuviendea bila ya idhini, na mji wetu wenyewe wachukua jina lenye maana ya "tupa uchawi", yaani mgeni aingiaye aache uganga wake mbaya nje. Mgeni anayeshuka Inyeug akadhani amekuta ufuo mtupu usio na mwenyewe, amekosea. Amepangishwa kwa mchana mmoja mahali penye wenyewe wawili, walio hai na wasio hai.

Hapo ndipo ninapoona kosa la kueleza safari hizi kwa jicho la aliye sitahani peke yake. Kwa abiria, kituo ni saa mbili au saa nane, kisha ni picha. Kwa mtu wa ufuoni, kituo ni wiki nzima: ni siku za kukausha dagaa na kupanga magunia, ni usiku wa kungoja, ni asubuhi ya kugawana kilichopatikana, na ni siku za kuzungumza juu yake hata honi isikike tena. Anayetaka kujua kisiwa au bandari kwa kweli asiulize meli ilikaa kwa muda gani, bali aulize ilingojewa kwa muda gani.

Na kungoja huku kuna hatari yake. Mwezi wa Machi 2020, maradhi ya korona yalipoenea, Vanuatu ilifunga mipaka yake, na haikuifungua mpaka Julai 2022; miaka miwili na zaidi zile meza za chini ya miti zilikaa bila ya mgeni. Katika mwambao wetu nako Liemba ilisimama kwa miaka kadhaa ikingojea kukarabatiwa. Tofauti, na hii naisema kwa uchungu kwa niaba ya watu wa vijiji vya ziwani, ni kwamba huko kilichokosekana ni mapato ya watalii, na huku kilichokosekana ni barabara yenyewe, kwa maana ziwa ndilo barabara ya watu wengi walioko chini ya mteremko, na kwa kukosa meli walibaki na mashua za mbao kwa safari ya mgonjwa, ya mwanafunzi na ya gunia. Ziwa hili lina urefu wa kilomita 673 na kina cha mita 1,470 katika mahali pake penye kina kikubwa, la pili kwa kina duniani baada ya Baikal. Si maji ya kuyavuka usiku kwa mashua iliyojazwa kupita kiasi.

Maadamu nimetaja uchungu, na nitaje pia furaha ambayo mgeni angeipata endapo angeshuka kwetu kwa saa zaidi ya mbili. Visiwa vya mbele ya Kipili na Kirando vina maji maangavu hata samaki wadogo wenye rangi huonekana wakizunguka mawe, samaki ambao aina zao nyingi hazipatikani popote duniani ila katika ziwa hili, na ambao watu wa Ulaya huwafuga katika vioo majumbani mwao. Akiteremka Kasanga, ambako Wajerumani walijenga boma lao wakaliita Bismarckburg na ambako meli huweza kuegemea gati, atakuwa si mbali na maporomoko ya Kalambo, mpakani na Zambia, ambayo maji yake huanguka zaidi ya mita 200 kwa mruko mmoja. Karibu na maporomoko hayo wataalamu walichimbua magogo yaliyochongwa na kuunganishwa na watu wa kale, wakatangaza mwaka 2023 kwamba umri wake ni kama miaka 476,000. Nimewahi kusimama ukingoni pale, nikayatazama maji yakigeuka moshi kabla ya kufika chini, na sikuwa na neno.

Halafu apande juu, jambo ambalo abiria wa meli hawalifanyi kamwe. Kutoka Kasanga barabara hupita Matai ikafika Sumbawanga, na njiani ataona uwanda usio na miti mingi, upepo wake, ng'ombe wake, na mashamba yenye matuta ya duara ambayo Wafipa huyaita ntumba, ambamo majani hufukiwa chini yaoze yakarutubisha udongo. Akipata mwenyeji wa kumwongoza ataonyeshwa malungu, tanuri ndefu za udongo zilizopita kimo cha mtu, ambazo mababu zetu waliyeyushia mawe ya chuma kwa nguvu ya upepo ulioingia wenyewe katika matundu ya chini, bila ya mtu kuvuta mivukuto. Zikatoka humo jembe na shoka zilizolima uwanda huu wote. Nyingi zimebomoka kwa mvua na kwa kusahauliwa. Zilizosimama zingali zikistahili kutunzwa kuliko zinavyotunzwa leo.

Usiku ule wa Kipili nanga iling'olewa baada ya saa mbili hivi. Ndugu yangu alishuka akiwa na furushi moja na ndoo ya mawese, nasi tukarudi ufuoni katika mashua iliyokuwa nzito kwa mifuko ya sukari na saruji hata maji yakakaribia ukingo. Hatukulala. Kulipopambazuka, zile taa zikiwa zimekwisha kupotea kusini, mwenye duka wa kwanza alikuwa tayari amefungua mfuko mmoja na anapima sukari kwa kibaba, na watoto walioletwa na meli wamekaa mchangani wakitazamwa na watoto wa hapo, pande mbili kimya, mpaka mmoja wao akatupa jiwe majini likaruka mara tatu na mwingine akatafuta jiwe lake.

Tulipanda lori saa nne. Huko juu, kabla ya Namanyere, upepo ukaanza; nikalivaa koti langu, na ndugu yangu, ambaye hakuwa nalo, akajifunika gunia tupu lililonukia dagaa.