Kitunguu Saumu na Hamira katika Chakula cha Perege

Ng'ombe akiugua, mfugaji humwona akijitenga, naye humshika na kumpiga sindano. Perege elfu moja waliomo katika bwawa lenye maji ya kijani hawawezi kutibiwa hivyo. Dawa yao kwa kawaida hutiwa katika chakula, na hapo ndipo shida inapoanzia, kwa kuwa miongoni mwa dalili za mwanzo za samaki mgonjwa ni kuacha kula. Walio wazima hula dawa wasiyoihitaji, walio wagonjwa huikosa, na mabaki huzama matopeni. Huko bakteria wachache wanaoistahimili dawa hubaki hai na kuzaana, hata ikafika siku dawa ile ile haifui dafu. Usugu huo hauishii bwawani, maana baadhi ya viuavijasumu wapewavyo samaki ni vya jamii moja na vile tupewavyo sisi hospitalini. Kwa kuhofia usugu wa namna hiyo, Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku, kuanzia tarehe 1 Januari 2006, kutia viuavijasumu katika chakula cha mifugo kwa ajili ya kuharakisha ukuaji.

Watafiti wengi wamegeukia swali jingine: je, haiwezekani kumwimarisha samaki mwenyewe kabla ugonjwa haujamfikia?

Samaki anao ulinzi wake. Ute unaofunika ngozi yake hunasa bakteria, tena una vimeng'enya vya kuwapasua. Ndani ya mwili zimo chembe nyeupe za damu zenye kumeza vijidudu. Sisi hutengeneza chembe hizo katika uboho wa mifupa. Samaki huzitengeneza hasa katika sehemu ya mbele ya figo.

Hapa ndipo hamira inapoingia. Ukuta wa chembe ya hamira una sukari ndefu iitwayo beta-glukani, ambayo mwili wa samaki hauitengenezi kamwe, lakini imo katika kuta za kuvu, wakiwamo wale waletao maradhi. Chembe nyeupe zina vipokezi vya kuitambua. Kwazo, glukani ni mgambo uliao: huamini kuna jambo, zikazidisha nguvu ya kumeza na kuua, ingawa aliyeliwa ni hamira isiyo na dhara. Glukani haiharibiwi na joto la kupikia, kwa hiyo hata hamira iliyokufa hufaa. Lakini mgambo ukilia kila siku, watu huuzoea. Katika majaribio kadhaa athari imeonekana kufifia pale glukani ilipolishwa kwa wingi na kwa muda mrefu mfululizo. Ni bora basi kuitoa kwa majuma machache kabla ya misukosuko inayojulikana, kama vile kuhamisha samaki au majira ya baridi.

Kitunguu saumu hufanya kazi kwa njia nyingine. Punje nzima haina harufu kali, kwa sababu alini na kimeng'enya chake hukaa mahali mbalimbali. Punje ikipondwa, viwili hivyo hukutana na kuzaa alisini, ambayo huua bakteria wengi. Ukichemsha punje nzima, kimeng'enya hufa kabla ya kufanya kazi. Yafaa kuponda kwanza, kungoja dakika chache, kisha kuchanganya na chakula kilichokwisha kupoa na kukianika kivulini. Kitengenezwe kidogo kidogo, maana alisini haidumu. Majaribio mengi yametumia gramu 5 hadi 30 za unga wa kitunguu saumu katika kilo 1 ya chakula.

Wapo wadhanio kwamba kila kitu cha asili hakina madhara. Muhogo mchungu nao ni wa asili! Majani ya mlonge, yanayosifiwa sana, yana protini nyingi, lakini yana pia saponini na tanini. Perege waliolishwa kwa wingi walipungua ukuaji. Wala hakuna kiungo kiwezacho kuokoa bwawa lililojaa kupita kiasi, ambamo amonia inaunguza matamvua na oksijeni inakwisha alfajiri.

Shule yenye bwawa yaweza kuyapima haya bila kumwambukiza samaki yeyote. Tengenezeni vizimba sita vya neti katika bwawa moja ili maji yawe yale yale, na kila kizimba kiwe na perege sawa kwa idadi na uzito. Pigeni kura kuchagua vitatu vitakavyopewa kitunguu saumu. Anayelisha asijue ni vipi. Pimeni uzito kila baada ya majuma mawili na kuhesabu waliokufa. Vizimba viwili tu havitoshi, kwani huenda kimoja kimepata kivuli na kingine jua. Na ikiwa vile vitatu vya kundi moja vinatofautiana wenyewe kwa wenyewe kuliko kundi linavyotofautiana na kundi, kitunguu hakijathibitisha lolote.