Mashine ya Kuchomelea Gari Nyumbani: Tuanze na Soketi

Mwezi uliopita tulikuwa Nakuru, mtaa wa Bondeni, kwa jamaa zetu waliotoka Pwani zamani wakafanya maskani Bonde la Ufa. Uani mwa nyumba yao pana gari aina ya Peugeot 504, ambalo marehemu mzee wao alilitumia kuchukua abiria baina ya Nakuru na Nairobi. Injini yake ingali hai, lakini sakafu chini ya miguu ya dereva imeliwa na kutu hata mtu huiona ardhi. Mwanawe mkubwa ameazimia kulifufua kwa mkono wake mwenyewe, jioni baada ya kazi.

Usiku ule, baada ya chakula, mkewe alitwambia kwa heshima: “Sheikh, mume wangu ataka kununua mashine ya ampea 250, na fedha iliyopo ni karo ya watoto ya muhula ujao. Je, stima ya nyumba hii itaiweza? Na hawa watoto wanaocheza uani, je?”

Tuliona kuwa swali hili si la nyumba moja. Kesho yake tuliketi na fundi wa kuchomelea aliyezeeka katika kazi hiyo, pamoja na fundi wa umeme. Tuliyoyapata kwao twayafikisha kwenu.

Jambo la kwanza ni kujua kipimo cha stima ya nyumba. Umeme wa majumbani nchini Kenya ni volti 240, na plagi ya kawaida ina fyuzi ya ampea 13. Ukizidisha namba hizo mbili wapata wati 3,120. Hicho ndicho kikomo cha soketi moja. Mashine ikitaka zaidi, fyuzi itakatika. Naye anayetia kipande cha waya mahali pa fyuzi amemwondoa mlinzi mlangoni, na moto ukizuka ndani ya ukuta hatakuwapo wa kuuzuia.

Zile mashine kubwa za transfoma zinazosukwa na mafundi wa jua kali zina nguvu, lakini huvuta umeme mwingi kwa mkupuo. Taa hufifia, na wakati mwingine hata za jirani. Jirani huyo huenda ana jokofu la maziwa anayouza ili alishe wanawe. Kumdhuru mtu kwa ajili ya gari letu hakutujuzii. Mashine za kisasa za inveta ni nyepesi, na kwa kazi ile ile huvuta umeme mchache zaidi. Kwa nyumba, hizo ndizo za kutazamwa.

Jambo la pili ni ile namba 250 iliyomvutia ndugu yetu. Namba hiyo yaeleza umeme unaotoka kwenye mashine kwenda kwenye chuma, wala si ule unaovutwa ukutani. Muuzaji aulizwe: je, yaweza kuubeba mzigo huo kwa muda gani? Kipimo chake huandikwa kwa asilimia ya dakika kumi. Ikiandikwa asilimia 60 kwa ampea 100, maana yake ni kuchomelea dakika sita na kupumzika dakika nne. Mashine isiyotaja kipimo hiki popote ni ya kutiliwa shaka.

Tena, bati la gari ni jembamba, aghalabu milimita moja au pungufu. Bati kama hilo lataka ampea 30 hadi 60 tu. Kwa ampea 60, mashine nzuri huvuta kiasi cha wati 1,300, yaani chini ya nusu ya kikomo cha soketi. Ya nini basi kulipia ampea 250? Mwenye kushona hariri hatafuti sindano ya gunia.

Jambo la tatu ni aina ya mashine. Ile ya vijiti ni rahisi kwa bei, na yafaa mageti na vyuma vinene. Kwenye bati la gari hutoboa mashimo mapya kabla ya kuziba ya zamani. Inayofaa ni ile inayosukuma waya mwembamba wa milimita 0.6 huku gesi ya argoni iliyochanganywa na kaboni dioksidi ikikinga moto wake. Kuna pia waya wenye dawa ndani usiohitaji gesi. Huo huvumilia upepo, lakini huchoma kwa ukali zaidi na kurusha cheche nyingi. Kwa kuwa Nakuru wakati wa kiangazi haikosi upepo na vumbi, atumiaye gesi hana budi kuweka kizuizi cha upepo. Kazi yenyewe hufanywa kwa nukta, moja hapa na nyingine mbali nayo, ili bati lisipinde kwa joto.

Sasa twasema na akina mama, kwani uani ni pao. Mwangaza wa kuchomelea huunguza macho, na maumivu hayaji papo hapo. Mtoto aliyetazama jioni huamka usiku akilia kama aliyetiwa mchanga machoni. Miwani ya jua haitoshi. Fundi avae ngao ya uso yenye kioo maalumu, na watoto wawe ndani, mapazia yamefungwa. Leso na buibui za nailoni zisikaribie cheche. Betri ya gari itolewe, na tangi la petroli liondolewe na kuwekwa mbali. Ndoo ya mchanga iwe karibu, na baada ya kazi mtu abaki akilinda kwa nusu saa, kwa sababu moto hujificha ndani ya zulia na sponji za viti.

Waya wa kurefushia uwe mnene, nao ukunjuliwe wote, kwani uliozungushwa hupata joto. Soketi ikaguliwe na fundi mwenye leseni ya EPRA, naye ahakikishe kuwa waya wa ardhi upo kweli. Na sehemu zinazobeba roho za watu, kama vile chesisi na pale mikanda ya usalama inapofungwa, aachiwe fundi bingwa. Kuficha kiungo dhaifu chini ya rangi kisha kupakia abiria ni khiyana.

Tuliyaeleza haya mbele ya mume na mke. Ndugu yetu alinyamaza kitambo, kisha akasema, “Karo itangulie.” Wakakubaliana kwamba fundi wa umeme aje kwanza, ngao ya uso inunuliwe kabla ya mashine, na mashine yenyewe, iliyo ndogo, ingoje akiba nyingine. Wakati huo atakwenda kwa yule fundi mzee siku za Jumamosi ajizoeze kwa vipande vya bati kuukuu. Mkewe aliongeza sharti moja: akisema “zima”, izimwe bila ya mjadala. Mume alicheka, akaridhia.

Wabillahi tawfiq.