Kutoka Chemba hadi Zanzibar: mahali pa kufika, na sababu ya kufika

Kila mwaka alizeti ikishauzwa na vikoba vikishavunja mzunguko, meseji za aina moja huongezeka kwenye simu ya studio. Vikundi vya akina mama, walimu, hata vijana wa bodaboda wanataka kwenda Zanzibar na wanatuuliza: tukifika, twende wapi? Wengine huongeza swali la pili, ambalo ndilo zito: kule si kwa Wazungu?

Jibu la swali la pili ni fupi. Hapana. Zanzibar ni nchi ya visiwa ndani ya Jamhuri yetu ya Muungano, na Mtanzania anayeingia pale ni mwenyeji anayetembelea ndugu. Maeneo mengi ya kihistoria na hifadhi yana bei ya Mtanzania na bei ya mgeni wa nje, na bei yetu ni nafuu zaidi. Kinachowafanya watu wengi warudi bila kuona kitu ni kutojua. Wanafika, wanapiga picha ufukweni, wanakula pweza, pesa inaisha. Katika makala haya tunakueleza sehemu za kwenda, kila moja ina habari gani, na mambo ya kuangalia ili fedha uliyoidunduliza isipotee bure.

Kufika

Kutoka Chemba unapanda basi hadi Dodoma mjini. Tangu Julai 2024 treni ya umeme ya SGR inakwenda Dar es Salaam, na safari ambayo kwa basi inakula siku nzima sasa ni ya saa chache. Stesheni ya Dar haiko mbali na bandari ya boti za Zanzibar. Boti ziendazo kasi huchukua takribani saa mbili hadi Unguja.

Tiketi ikate dirishani, kwenye ofisi ya kampuni yenyewe, na uwe na kitambulisho. Usimpe pesa kijana anayekufuata barabarani akisema atakusaidia. Ukifika Unguja utawakuta wengine wa aina hiyo, kule wanaitwa papasi. Sema "ahsante, nina mwenyeji" kisha endelea na safari yako.

La pili ni usalama. Mwaka 2011 meli ya MV Spice Islander ilizama ikielekea Pemba, na mwaka uliofuata MV Skagit ilizama ikitoka Dar es Salaam. Mamia ya watu walipoteza maisha. Ukiona chombo kimejaa kupita kiasi, shuka usubiri kingine. Nauli ukiipoteza utaitafuta tena. Tambua pia kwamba kati ya Juni na Septemba upepo wa kusi huchafua bahari. Kama hujawahi kusafiri majini, kula chakula chepesi kabla ya kupanda, keti katikati ya boti na uangalie mbali.

Mji Mkongwe

Anzia hapa. Mji Mkongwe uliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na kuutembea kwa miguu ni bure. Vichochoro vyake ni vyembamba kiasi kwamba magari hayapiti. Utapotea, na usiogope, maana kila kichochoro mwisho wake hutokea baharini au barabara kuu.

Tazama milango. Milango ya mbao iliyochongwa ilikuwa inaeleza hali ya mwenye nyumba, na baadhi ina vishikizo vya shaba vilivyochongoka kama vya milango ya India. Pita Ngome Kongwe, iliyojengwa na Waarabu wa Oman baada ya Wareno kuondolewa. Jirani yake ni Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883. Watu waliliita jumba la maajabu kwa sababu lilikuwa na umeme na lifti, vitu ambavyo ukanda huu haukuvijua. Desemba 25, 2020 sehemu ya jumba hilo iliporomoka wakati wa ukarabati na watu wakafariki. Kwa hiyo ulizia hali ilivyo kabla hujamlipa mtu anayekuahidi kukuingiza ndani.

Karibu na hapo ndipo palipolipuliwa kwa mizinga ya Waingereza Agosti 27, 1896, katika vita iliyomalizika kabla ya saa moja kutimia. Jioni shuka bustani ya Forodhani upate urojo, mishikaki na juisi ya miwa. Uliza bei kabla ya kuelekeza kidole.

Mkunazini: historia inayotugusa

Kama una nafasi ya kulipia sehemu moja tu, tunakushauri iwe hii. Mkunazini ndipo lilipokuwa soko la watumwa la Unguja hadi Juni 1873, Sultani Barghash alipotia saini mkataba wa kulifunga kwa shinikizo la Waingereza. Mwaka huohuo wamisionari wa Anglikana walianza kujenga kanisa papo hapo. Askofu Edward Steere, aliyesimamia ujenzi huo, ndiye pia aliyefanya kazi kubwa ya kuandika sarufi ya Kiswahili.

Nje ya kanisa kuna shimo lenye sanamu za watu waliofungwa shingoni kwa minyororo. Zilichongwa na msanii Clara Sörnäs kutoka Sweden mwaka 1998. Simama hapo kidogo. Jirani utaonyeshwa vyumba vya chini ya ardhi vinavyosemwa kuwa walifungiwa watumwa. Wapo watafiti wa historia wanaosema vyumba hivyo ni vya jengo la misheni lililojengwa baada ya soko kufungwa. Muulize kiongozi wako, msikilize, kisha usome maonyesho ya jengo hilo, ambayo yameandikwa kwa uangalifu.

Kwa nini tunasema historia hii inatugusa sisi wa nyanda za kati? Kwa sababu njia kubwa ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilikatisha Ugogo. Watawala wa huko walitoza hongo misafara iliyotaka maji na chakula, na wasafiri wa Ulaya wa karne ya 19 walilalamikia sana hongo hiyo katika vitabu vyao. Kondoa nayo ilikuwa kituo cha wafanyabiashara wa pwani, na Uislamu ulienea kwa Warangi kwa njia hiyohiyo. Watumwa wengi waliouzwa Unguja walitoka upande wa Ziwa Nyasa kupitia Kilwa, lakini pembe za ndovu, wapagazi na watu waliofungwa walipita pia katika ardhi yetu. Kiswahili tunachozungumza leo sokoni Chemba, pamoja na Kirangi, Kisandawe na Kiburunge majumbani mwetu, kilipanda nyanda hizi kwa njia ileile. Mtoto wa Chemba akisimama Mkunazini anaona ncha ya pili ya kamba ambayo ncha yake ya kwanza iko kwao.

Ukitaka kuendelea na habari hiyo, panda daladala hadi Mangapwani, kaskazini ya mji. Kule kuna chumba kilichochimbwa kwenye mwamba karibu na bahari, ambamo watumwa walifichwa baada ya biashara kupigwa marufuku. Sheria ilipita, biashara ikaingia gizani. Utumwa wenyewe haukufutwa kisheria Zanzibar hadi 1897.

Magofu na karafuu

Njiani kwenda Mangapwani kuna Maruhubi na Mtoni. Mtoni ndiyo kasri alimozaliwa Binti Salme mwaka 1844, yule aliyekimbia, akaolewa na Mjerumani na baadaye akaandika kumbukumbu za maisha yake. Maruhubi lilijengwa na Barghash, likaungua mwaka 1899. Nguzo zimebaki. Kidichi, juu kidogo, kuna hamamu iliyojengwa na Seyyid Said mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe aliyetoka Uajemi.

Eneo hilohilo ndilo la mashamba ya viungo. Mkulima wa kwetu atalifurahia kuliko mtu yeyote. Utaona karafuu, mdalasini, iliki, pilipili manga na vanila ikipanda juu ya miti. Uliza wanavyokausha karafuu na wanamuuzia nani, halafu ulinganishe na alizeti na ufuta wetu. Somo la soko utalipata bila kulipia semina.

Jozani

Msitu wa Jozani uko kwenye njia ya kusini mashariki, kama kilomita 35 kutoka mjini, na pamoja na Ghuba ya Chwaka ni hifadhi ya taifa. Ndani yake yupo kima punju, mwenye mgongo mwekundu, ambaye hapatikani porini mahali pengine popote duniani isipokuwa visiwa hivi. Amezoea watu hadi anapita karibu na miguu yako. Usimguse wala usimpe chakula, maana magonjwa ya binadamu yanaweza kumuua. Baada ya msitu, tembea kwenye daraja la mbao juu ya mikoko. Mtu aliyekulia kwenye mibuyu na migunga atashangaa kuona mti unaokunywa maji ya chumvi.

Bahari haisimami

Hapa ndipo wageni kutoka bara wanapokosea zaidi, tena hatari yake ni kubwa. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Ufukwe wa mashariki, yaani Paje, Jambiani na Bwejuu, maji yakipwa yanaweza kurudi nyuma kilomita nzima au zaidi. Utatembea mbali kwenye mchanga, utaona akina mama wakilima mwani, zao lililoanza kulimwa huko mwaka 1989. Lakini maji yakianza kujaa hayaji mbele yako tu. Yanaingia pia kwenye mabonde ya nyuma yako. Waulize wenyeji saa za maji kabla ya kwenda mbali, na vaa viatu kwa sababu ya matumbawe na urchini wa baharini wenye miiba, ambao wenyeji huwaita fuma.

Kaskazini, Nungwi na Kendwa, maji hayaendi mbali sana, hivyo watu huogelea karibu siku nzima. Daladala namba 116 inafika Nungwi. Kwa wale tuliojifunzia kuogelea kwenye malambo, au hatukujifunza kabisa: baki maji yanapokufika kiunoni, na mtoto asiingie bila mkono wa mtu mzima.

Kusini

Kizimkazi Dimbani kuna msikiti wenye maandishi ya Kiarabu ukutani yanayoonyesha mwaka 500 wa Hijria, sawa na 1107. Ni miongoni mwa maandishi ya kale zaidi ya Kiislamu katika pwani ya Afrika Mashariki, na msikiti bado unasaliwa. Makunduchi, jirani, kila Julai husherehekea Mwaka Kogwa. Wanaume hupigana kwa mabua ya migomba ili kumaliza magomvi ya mwaka, kisha kibanda huchomwa moto. Ukialikwa chakula siku hiyo, kubali. Mgeni kwao ni baraka.

Pemba, kwa mwenye siku za ziada

Pemba ina watalii wachache na vilima vya kijani. Karafuu nyingi za Zanzibar zinatoka huko. Kaskazini kuna msitu wa Ngezi, na Kidike utaona popo wakubwa wa Pemba, ambao mwishoni mwa miaka ya 1980 walikaribia kutoweka kabla wanakijiji hawajaamua kuwalinda. Kwa wafugaji wa Chemba kuna jambo lao: mchezo wa ng'ombe. Vijana humchezea dume kwa nguo, mkwepo na mbio, na ng'ombe hauawi. Wengi huamini kwamba desturi hiyo iliachwa na Wareno.

Adabu za kuingia kwa watu

Ufukweni vaa za kuogelea, ila ukirudi mtaani funika mabega na magoti. Wakati wa Ramadhani usile wala kunywa hadharani mchana. Usimpige mtu picha bila ruhusa. Msikitini usiingie bila kuuliza. Salamu ni lazima kabla ya swali lolote, hata la njia. Haya si mageni kwetu. Ni yaleyale tuliyofundishwa na wazee wetu.

Ukiwa na siku tatu

Siku ya kwanza: Mji Mkongwe asubuhi, Mkunazini mchana, Forodhani jioni. Siku ya pili: Mangapwani na mashamba ya viungo. Siku ya tatu: Jozani asubuhi, kisha Paje au Jambiani, kutegemea saa za maji. Kikundi kikichangia gari, gharama hupungua sana. Kikitumia daladala hupungua zaidi.

Tunaomba jambo moja kwa walimu na viongozi wa vikundi. Kabla ya kuwapeleka watoto Zanzibar, wapelekeni kwanza kwenye michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, na iko jirani tu. Mtoto anayejua kwao kuna nini huuliza maswali mazuri zaidi anapofika kwa wenzake.

Ukienda, turudie na habari. Tutumie ujumbe kwa namba ile ile ya kipindi utueleze bei zilivyo, njia zilivyo na kilichobadilika, ili na mwenzako wa Kwa Mtoro au Farkwa apate pa kuanzia.