Kupauka kwa Boti za Faiba na Kazi ya Nta

Boti ya faiba, iwe ya uvuvi au ya kuchukulia watalii, hutoka kiwandani ikimetameta kama sahani ya kauri. Baada ya misimu kadhaa ya jua la pwani, buluu yake huelekea ukijivu, na mtu akipitisha kiganja ubavuni hubaki na unga mweupe mkononi. Wengi hudhani ni chumvi, wakausugua kwa brashi ngumu. Kumbe unga huo ni sehemu ya boti yenyewe.

Ubavu wa boti hiyo hujengwa kwa nyuzi za kioo zilizoshikamanishwa kwa resini ya poliesta, aina ya plastiki ambayo ikishakuwa ngumu haiyeyuki tena kwa joto. Upande wa nje huwa na ganda la resini iliyotiwa rangi, ambalo mafundi huliita jelikoti. Unene wake kwa kawaida ni kama nusu milimita tu. Mionzi ya urujuanimno, ile sehemu ya nuru ya jua isiyoonekana kwa macho, ina nishati ya kutosha kukata vifungo vya kikemia katika molekuli za plastiki. Kisha oksijeni ya hewani huingilia palipokatika na kuendeleza uharibifu. Ganda humomonyoka kidogo kidogo, na chembe za rangi zikalegea.

Lakini kwa nini buluu ionekane kijivu ilhali chembe zake zingalipo? Uso laini huakisi nuru kuelekea upande mmoja, kama kioo cha kujitazamia. Uso uliokwaruzika huitawanya nuru nyeupe pande zote, nayo huchanganyika na ile buluu itokayo ndani. Ndiyo maana boti iliyopauka ikimwagiwa maji rangi yake hurejea ghafla, ikatoweka tena yakikauka. Hewa ikihesabiwa kuwa 1, uwezo wa maji wa kupinda nuru ni 1.33, na wa resini ni karibu 1.55, hivyo maji yakijaza vishimo, mtawanyiko hupungua sana. Wanafunzi waweza kulithibitisha jambo hili darasani kwa kipande cha kioo kilichosuguliwa kwa msasa: kikilowa, maandishi yaliyo nyuma yake husomeka vizuri zaidi.

Mwenye boti naye alifanye jaribio hilo kabla ya kutoa fedha. Rangi ikirejea kwa maji, kusugua kutafaa. Isiporejea, chembe za rangi zenyewe zimeharibika, na yafaa afikirie kupaka rangi upya.

Kusugua huanza baada ya kuosha kwa sabuni na maji yasiyo ya chumvi. Palipoharibika sana hutumiwa msasa wa maji, tuseme namba 800, kisha 1000 na zaidi, hatimaye dawa ya kung'arishia. Kila hatua hufuta mikwaruzo ya hatua iliyotangulia, mpaka iliyobaki iwe midogo mithili ya urefu wa wimbi la nuru, yaani karibu 0.0005 mm. Lakini ile nusu milimita haioti tena! Anayepiga msasa kila mwaka atafika kwenye nyuzi, hasa pembeni ambako ganda huwa jembamba, na hapo maji yatapata njia ya kupenya.

Nta hupunguza haja ya kusugua mara kwa mara. Hujaza mikwaruzo midogo, hufukuza maji, na huzuia uchafu usishike. Nta ya karnauba, itokayo kwenye majani ya mti wa Brazil wa jamii ya mnazi, huyeyuka kwenye nyuzijoto 80 na kitu za Selsiasi. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye 62 hadi 65, nayo hulainika upesi juu ya ubavu wa rangi nzito uliopigwa na jua. Ipakwe kivulini, kwa tabaka jembamba, kisha ifutwe kwa kitambaa safi. Chini ya mstari wa maji isipakwe, kwani rangi ya kuzuia viumbe vya baharini haitashika.

Nta huisha, kama deheni na sifa zinavyoisha kwenye jahazi, na yapasa kupakwa tena maji yanapoanza kutandaa badala ya kufanya matone. Isitoshe, nta pekee haizuii mionzi ya urujuanimno kwa kiasi kikubwa. Boti isiyo kazini na ifunikwe kwa turubai zito.