Bastola ya hewa huanza na chupa ya maji

MWAKIRO, Muyinga – Mfanyabiashara wa hapa anayevuka Kobero kwenda Kabanga anaijua mizani. Mashindano ya bastola ya hewa nayo yana mizani: bastola isizidi gramu 1,500, na kifyatulio hutundikiwa uzito wa gramu 500. Kikiachia, bastola haikubaliki.

Mlengaji husimama mita 10 kutoka kwenye shabaha, mkono mmoja tu. Duara la alama kumi lina upana wa milimita 11.5, kama kifungo cha shati. Risasi ni 60, kwa dakika 75. Yusuf Dikeç wa Uturuki, aliyepata nishani ya fedha ya timu mseto Paris 2024 akiwa na miaka 51, alitia mkono wa pili mfukoni. Si madaha, mwili hutulia hivyo.

Anayeanza asikimbilie dukani. Chukua chupa ya maji ya lita moja, nyoosha mkono, hesabu hadi 20, pumzika, rudia. Mkono ukiacha kutetemeka, ndipo utafute mwalimu.

Na jina “hewa” lisimdanganye mtu: sheria ya Kenya huiweka bastola hiyo kundi moja na bunduki. Kabla ya kuitia kwenye mzigo, ulizia kibali cha polisi pande zote mbili za mpaka.