Umaskini, Ushamba na Utambuzi wa Mtoto Mdogo

Neno "mshamba" lina maana mbili katika vinywa vya wasemaji wa Kiswahili. Kwa asili yake ni mtu akaaye shamba, wala hapana ubaya ndani yake. Lakini mjini neno hilo limegeuka kuwa tusi: mshamba ni yule asiyejua mambo, aliye mzito wa kuelewa. Hivyo mahali akaapo mtu pamefanywa kuwa kipimo cha akili yake. Katika makala haya twataka kuonyesha kwamba mchanganyiko huo wa maana huingia pia katika mazungumzo juu ya ukuaji wa akili za watoto wadogo, na kwamba yapasa kutenganisha mambo mawili: umaskini, ambao hakika huudhuru ubongo wa mtoto, na maisha ya shamba, ambayo yenyewe si maradhi.

Tuutazame mtaa wa Mwenge, katika Kinondoni, ikutanapo barabara ya Bagamoyo na ile ya Sam Nujoma iendayo Ubungo, si mbali na Chuo Kikuu. Hapo pana soko la vinyago, na ufundi huo wa uchongaji umeletwa hasa na Wamakonde kutoka kusini. Kama mitaa mingine ya Kinondoni na Temeke, Mwenge hupokea watu wengi watokao mikoani pamoja na watoto wao. Mtoto wa namna hiyo, aingiapo darasani kwa mara ya kwanza, huenda akanyamaza aulizwapo swali, na wenziwe wakamwita mshamba. Je, kimya hicho chatoka wapi? Chaweza kutoka katika mwili, au katika kipimo kinachotumiwa, au katika lugha. Kila asili ina dawa yake, na akosaye kuzitenga atampa mtoto dawa isiyo yake.

Kwanza, mwili. Afikapo miaka miwili, ubongo wa mtoto huwa umekwisha kupata takriban asilimia 80 ya ukubwa wa ubongo wa mtu mzima. Kwa hiyo upungufu wa siku hizo ni vigumu kuulipa baadaye. Kiswahili kina kitenzi kifaacho sana hapa, nacho ni "kudumaa", kisemwacho juu ya mwili na juu ya akili pia. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 wa Tanzania walio chini ya miaka mitano, 30 walikuwa wamedumaa. Katika uchunguzi wa 2015-16 walikuwa 34.

Ushahidi ulio wazi zaidi umetoka Pemba, nao wawahusu wanafunzi wa lugha kuliko wengine. Mwaka 2001 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa huko kwa watoto 614, wenye umri wa miezi 6 hata 59. Kwa miezi 12 wengine walipewa madini ya chuma, wengine dawa ya minyoo, wengine vyote viwili, na wengine dawa isiyo na kitu ndani yake. Kisha wazazi wakaulizwa juu ya usemi wa watoto wao. Waliopewa chuma walionekana kuwatangulia wenzao katika lugha, ingawa si kwa kadiri kubwa. Na wale waliokuwa na upungufu mkubwa wa damu waliendelea vizuri pia katika kwenda na kutumia viungo. Dawa ya minyoo haikuonyesha tofauti ya kutegemewa. Sababu yafahamika: chuma huhitajiwa katika kujenga utando ufunikao nyuzi za ubongo, na katika kupeleka habari kutoka chembe moja hata nyingine. Basi maneno ya mtoto, tunayodhani kuwa ni kazi ya malezi na masikio tu, yana mizizi yake katika damu pia.

Hata hivyo, mtu asiseme kwamba hilo ndilo tendo la shamba. Mwaka 2022 mkoa wa Iringa, ujulikanao kwa mavuno mengi ya mahindi, ulikuwa na zaidi ya nusu ya watoto wake waliodumaa, na Njombe ulikuwa karibu sawa nao. Chakula kilikuwapo, bali kushiba si kulishwa vema. Uji wa mahindi matupu, maradhi ya mara kwa mara, na kazi nyingi za mama zimwachazo na saa chache za kumlisha mtoto: mambo hayo humpata mtoto wa Temeke vilevile akiwa maskini. Dhara ni la upungufu, si la mahali.

Pili, kipimo. Mwaka 1979 mtaalamu Robert Serpell alitangaza jaribio alilofanya kwa watoto wa Lusaka na wa Manchester. Wote walitakiwa kuiga maumbo. Kwa kalamu na karatasi Waingereza walishinda; kwa waya, ambao watoto wa Zambia huutumia kutengeneza magari ya kuchezea, Wazambia walishinda; kwa udongo wakawa sawasawa. Angalipima kwa karatasi peke yake, angalisema kwamba watoto wa Lusaka wana upungufu. Mtoto wa mchongaji wa Mwenge naye yafaa apimwe kwa mti kabla ya kuhukumiwa kwa penseli.

Tukiifuata barabara hiyo ya Mwenge kuelekea kaskazini twafika Bagamoyo. Huko Robert Sternberg na wenzake waliwapima watoto wa shule zaidi ya 400, wenye miaka 11 hata 13, na matokeo yakatolewa mwaka 2002. Hao si wadogo sana, lakini fundisho ni lile lile. Watoto walipewa mafumbo ya kupanga na kukisia. Kisha baadhi yao wakafundishwa kwa muda mfupi, usiotimia saa moja, namna ya kuyafumbua. Waliofundishwa waliendelea mbele, na alama zao za baadaye zilieleza uwezo wao vizuri kuliko zile za kwanza. Maana yake, kipimo cha mara moja huhesabu alichokwisha kuonyeshwa mtoto, wala hakihesabu awezacho kujifunza.

Tatu, lugha. Mtoto aliyelelewa kwa Kimakonde au Kisukuma huulizwa kwa Kiswahili, na mara nyingi kwa Kiswahili cha vitabuni. Ajuaye majina ya miti kumi na asijue neno "pembetatu" huandikwa kuwa hajui. Hapa ndipo kazi ya wanachuoni wa lugha ilipo. Tangu sera ya elimu ya 1995 madarasa ya awali yamekuwa sehemu ya elimu rasmi ya Tanzania, na watoto wengi zaidi wapimwa wakiwa na miaka mitano. Vipimo hivyo visiwe tafsiri ya vipimo vya kigeni. Tunavyo vitendawili, ambavyo tangu zamani vimewafundisha watoto kulinganisha na kukisia. Tunazo hesabu za bao. Tunayo majina ya mimea na wanyama ambayo mtoto wa shamba huyajua kuliko mtoto wa mjini. Vikikusanywa na kupangwa kwa umri, vitatupa kipimo cha haki.

Yule mtoto wa Mwenge aliyenyamaza darasani atazamwe damu yake na chakula chake kwanza, kwa kuwa hayo hayangoji. Kisha aulizwe kwa maneno na vitu anavyovijua. Akiisha kutendewa hayo yote mawili, ndipo tutakapoweza kusema lolote juu ya akili yake.